IVAR AASEN: MTOTO WA MKULIMA ALIYEUNGA MANENO YA NCHI YAKE

Tukitaja mashujaa wa lugha hapa shuleni, majina huwa ni yale yale. Tutamtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, tutamtaja Shaaban Robert wa Tanga, kisha kengele italia. Si vibaya. Lakini leo hebu tusafiri mbali kidogo, hadi Norwe, ile nchi ya kaskazini mwa Ulaya yenye milima, theluji na ghuba nyembamba za bahari zinazopenya ndani kabisa ya bara. Huko aliishi mtu mmoja ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, hakuwa na mali, hakuoa wala hakuzaa, lakini aliiachia nchi yake lugha nzima ya kuandikia. Jina lake ni Ivar Aasen.

Pengine utauliza, je, Wanorwe hawakuwa na lugha? Swali zuri. Tuanzie hapo.

HALI YA LUGHA KABLA YAKE

Hapo zamani Wanorwe walikuwa na lugha yao ya kuandika, nayo iliandikiwa sheria na visa vya wafalme. Halafu nchi ikaungana na Denmark mwishoni mwa karne ya 14, na muungano huo ukadumu zaidi ya miaka 400. Polepole Kidenmark kikawa lugha ya serikali, ya kanisa na ya vitabu. Kufikia karne ya 16 maandishi ya Kinorwe cha kale yalikuwa yamekufa.

Midomo ya watu, hata hivyo, haikufa. Wakulima na wavuvi waliendelea kusema lahaja zao, kila bonde na yake. Ikawa mtoto anazungumza hivi nyumbani, akienda kwa mwalimu anasoma vile. Lugha yake ikaitwa lugha ya washamba, ile ya kitabu ikaitwa lugha ya waungwana. Mwaka 1814 Norwe iliachana na Denmark, ikapata katiba yake, kisha ikaunganishwa na Uswidi hadi 1905. Bendera ya Denmark ilishuka, lakini kalamu ilibaki kuandika Kidenmark.

KUZALIWA NA UTOTO

Mwaka mmoja tu kabla ya mabadiliko hayo, tarehe 5 Agosti 1813, Ivar alizaliwa katika shamba la Åsen, sehemu za Ørsta, wilaya ya Sunnmøre, magharibi mwa Norwe. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Jina la shamba ndilo likawa jina lake. Kwa Kinorwe ås ni kilima kirefu, na ile -en ya mwisho huonyesha kwamba ni kilima kile kinachojulikana. Katika enzi zake sauti å iliandikwa aa, ndiyo maana jina lake tunaliandika Aasen mpaka leo.

Maisha hayakumwonea huruma. Mama alifariki Ivar akiwa na miaka 3. Baba naye akafuata mwaka 1826, kijana akiwa na miaka 13 hivi. Akabaki na ndugu zake, akalima, akachunga, akakata nyasi. Nyumbani kulikuwa na vitabu vichache, vingi vya dini, naye akavisoma vyote na kuvirudia. Alikuwa mdogo wa umbo na mnyamavu, lakini kichwa chake kilikuwa moto wa kuotea mbali!

ELIMU NA KAZI ZA MWANZO

Mwaka 1831, akiwa na miaka 18 tu, alianza kufundisha katika shule ya kuhamahama. Siku hizo mwalimu ndiye aliyewafuata watoto, akienda shamba hadi shamba. Kati ya 1833 na 1835 alikaa kwa kasisi mmoja msomi huko Herøy, Hans Conrad Thoresen, ambaye alimfundisha Kilatini na sarufi. Angeweza kuendelea hadi chuo kikuu, lakini fedha zingetoka wapi? Badala yake akawa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa kapteni Daae huko Solnør, akakaa miaka saba.

Huko Solnør alifanya jambo ambalo hapo mwanzo halikuonekana kuhusu lugha hata kidogo. Alikusanya mimea. Akaichuma, akaikausha, akaipanga kwa jamii zake, aina mia kadhaa. Kazi hiyo ilimfunza kutazama kitu kidogo kwa makini, kukilinganisha na jirani yake na kuuliza ukoo wake. Basi siku moja akageuza jicho lile lile kwenye maneno. Kama ua la porini lina mpangilio wake, kwa nini lugha ya mkulima isiwe nao?

Mwaka 1836, akiwa na miaka 22, aliandika insha akipendekeza kwamba Norwe ijipatie lugha ya maandishi kutoka katika lahaja zake yenyewe. Hakuitoa. Ilichapishwa baada ya kufa kwake.

SAFARI YA MIAKA MINNE

Mwaka 1841 Aasen alikwenda mjini Bergen na mswada wa sarufi ya lahaja ya kwao Sunnmøre. Akamwonyesha askofu Jacob Neumann. Askofu alistaajabu. Kumbe lahaja iliyodharauliwa ilikuwa na sarufi! Akaitangaza habari hiyo gazetini, na habari ikafika Trondheim, kwenye Chama cha Kifalme cha Sayansi. Chama kikampa Aasen fedha za kusafiri na kuchunguza lahaja za nchi.

Kuanzia 1842 hadi 1846 alizunguka, mara kwa miguu, mara kwa mashua, kutoka magharibi hadi kusini, akaingia mabonde ya ndani, akapanda kaskazini hadi Helgeland. Alilala katika nyumba za wakulima, akasikiliza, akauliza, akaandika. Jembe laitwaje hapa? Theluji inayoyeyuka je? Kwake yeye bibi aliyekama ng'ombe alikuwa kitabu kilicho wazi.

Matunda yakaonekana. Mwaka 1848 alitoa sarufi ya lugha ya watu wa Norwe, na mwaka 1850 kamusi yenye maneno kama 25,000. Mnamo 1847 alikuwa amehamia mji mkuu, Christiania, ambao leo ni Oslo, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 Bunge lilimkubalia posho ya kila mwaka. Akaishi katika vyumba vya kupanga, vumbi na makaratasi vikiwa ndio jamaa zake.

MANENO YANAYOUNGWA

Sasa ndugu msomaji, kaza mkanda. Hapa ndipo penye kiini cha kazi ya Aasen.

Alichogundua ni kwamba lahaja zile zilikuwa na kiwanda chao cha maneno, na kiwanda hicho kilifanya kazi kila siku bila kumuuliza Mdenmark. Siri yake kubwa ni kuunga nomino na nomino. Sisi katika Kiswahili tunayo maneno ambatani: mwanafunzi, garimoshi, batamzinga. Wanorwe wanayo kwa maelfu, na wanaweza kuunda jipya wakiwa mezani wakinywa kahawa.

Tazama. Ord ni neno, bok ni kitabu. Ukiviunga unapata ordbok, yaani kamusi. Barn ni mtoto, hage ni bustani. Ukiviunga unapata barnehage, bustani ya watoto, yaani shule ya chekechea. Sjuk ni mgonjwa, hus ni nyumba, kwa hiyo sjukehus ni hospitali. Arbeid ni kazi, dag ni siku, na arbeidsdag ni siku ya kazi.

Umeona kwamba mpango wao ni kinyume cha wetu? Sisi neno kuu hutangulia: garimoshi ni gari, si moshi. Kwao neno kuu huja mwisho: ordbok ni kitabu, si neno. Na kama vile ngeli zetu zinavyofuata neno kuu, ndivyo na jinsia za nomino zao. Kinorwe kina jinsia tatu. Barn ni jinsia ya kati na hage ni ya kiume, basi barnehage ni ya kiume. Ord ni ya kati na bok ni ya kike, basi ordbok ni ya kike. Mwenye nyumba ni yule wa mwisho.

Pia umeona vile viungo vidogo katikati? Ordbok halina kitu, barnehage lina e, arbeidsdag lina s. Viungo hivi havikutoka hewani. Vilianza kama alama za umilikaji katika lugha ya kale, vikifanya kazi iliyo karibu na ile ya kihusishi chetu -a katika bustani ya watoto. Umilikaji ule wa zamani umechakaa, lakini mabaki yake yamebaki kama gundi.

Wakati mwingine gundi hiyo husaidia kuonyesha mshono mkubwa uko wapi. Skrive ni kuandika, bord ni meza, na skrivebord ni meza ya kuandikia. Ukitaka kutaja mtoto wa meza hiyo, ile droo yake, utasema skrivebordsskuff. Ile s ya kwanza kati ya zile mbili inakuambia kwamba skrivebord limekwisha na skuff linaanza.

Na silabi je? Hapa wanafunzi wa Kinorwe hutoka jasho. Silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu: ki-ta-bu, ba-ra-ba-ra, kazi kwisha. Kinorwe hurundika konsonanti. Neno la kawaida lisilo ambatani hugawika kwa urahisi, konsonanti moja ikienda na irabu inayofuata: ha-ge. Lakini neno ambatani, likifika mwisho wa mstari, hukatwa vizuri zaidi kwenye mshono wake: barne-hage, arbeids-dag. Ile s hubaki na neno la kwanza. Ukiipeleka mbele utapata sdag, kitu ambacho hakuna Mnorwe aliyewahi kukiona.

Tena ole wako ukiliacha pengo mahali pasipo na pengo! Ananasbiter ni vipande vya nanasi. Ukiandika ananas biter, umesema kwamba nanasi linauma. Røykfritt, ambacho ni kivumishi, maana yake ni pasipo moshi wa sigara. Ukibandika ukutani røyk fritt, umewaambia wageni wavute watakavyo. Pengo moja tu, na amri imegeuka ruhusa.

KWA NINI JAMBO HILI LILIKUWA KUBWA

Utasema, haya ni mambo ya darasani. La hasha. Waungwana wa siku zile walidai kwamba lugha ya wakulima ilitosha kwa ng'ombe na samaki tu. Ati ukitaka kusema juu ya uhuru, elimu au falsafa, lazima uazime maneno ya Kidenmark. Na Kidenmark chenyewe kilikuwa kimeazima mengi kutoka Kijerumani cha kaskazini, pamoja na viambishi kama an-, be-, -het na -else. Viambishi hivyo baadaye watu walivibandika pamoja kwa mzaha, wakapata neno anbehetelse!

Aasen alijibu kwa vitendo. Badala ya kjærlighet, yaani upendo, lugha yake ina kjærleik. Badala ya frihet, yaani uhuru, ina fridom. Viambishi -leik na -dom vilikuwemo vinywani mwa watu tayari, na ilibaki kuvipa kazi. Mawazo makubwa yakajengwa kwa mbao za nyumbani.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni dirisha. Katika lugha ya vitabu lilikuwa vindue, ambalo leo Wanorwe wengi huandika vindu, neno lililochakaa hata mshono wake hauonekani. Wakulima walikuwa wamelihifadhi zima: vindauge. Vind ni upepo, auge ni jicho. Dirisha ni jicho la upepo! Waingereza nao walilichukua neno hilo kwa watu wa kaskazini zamani zile, likawa window. Msomi wa mjini alikuwa na neno lililofumba jicho, na mkulima alikuwa na neno lililofumbua.

Mwaka 1853 Aasen alitoa vielelezo vya lahaja mbalimbali, na pamoja navyo vielelezo vya lugha moja ya maandishi aliyoiunda kwa kuzilinganisha. Kumbuka kwamba kwetu Afrika Mashariki, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua lahaja moja, Kiunguja, iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Aasen hakuchagua moja. Alitafuta mzizi uliozizaa zote, akiupima kwa lugha ya kale. Mwaka 1864 akatoa sarufi iliyokamilika, yenye sehemu nzima juu ya uundaji wa maneno, na 1873 kamusi ya maneno kama 40,000. Aliandika pia mchezo wa kuigiza mwaka 1855, akakusanya methali mwaka 1856, na mwaka 1863 akatoa mashairi katika kitabu kiitwacho Symra, jina la ua.

JINA LENYE MSHONO

Lugha hiyo aliiita Landsmaal. Nalo ni neno ambatani: land, kisha s, kisha maal, yaani lugha. Kwake lilikuwa na maana ya lugha ya nchi nzima. Lakini land ina maana mbili: ni taifa, na tena ni mashambani. Wapinzani wakaishika ile ya pili. Ati ni lugha ya shamba! Jina lile lile likawa heshima kwa hawa na tusi kwa wale.

Upinzani haukuwa wa matusi tu. Mwalimu Knud Knudsen, aliyezaliwa 1812 na kufariki 1895, naye alitaka Wanorwe waandike Kinorwe, ila kwa njia nyingine. Yeye alishauri Kidenmark kibadilishwe hatua kwa hatua kulingana na matamshi ya watu waliosoma wa mijini. Wengi wa mijini waliona njia yake ni nyepesi, kwani lugha ya Aasen ilifanana zaidi na lahaja za magharibi na mabonde, na masikioni mwao ilisikika kama ya mababu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, tusifiche.

Hata hivyo Aasen alipata wafuasi. Mwaka 1858 mwandishi Aasmund Olavsson Vinje alianzisha gazeti Dølen katika lugha hiyo, na mwaka 1868 kikaundwa chama cha kuchapisha vitabu, Det Norske Samlaget. Tarehe 12 Mei 1885 Bunge likaamua kwamba Landsmaal iwe sawa na ile lugha nyingine shuleni na serikalini. Mwaka 1889 Agano Jipya likatoka, na 1892 sheria ikaziruhusu halmashauri za shule kuchagua lugha ipi ifundishwe. Yule yatima wa Åsen aliyaona haya yote kwa macho yake.

KIFO NA URITHI

Ivar Aasen alifariki tarehe 23 Septemba 1896 mjini Christiania, akiwa na miaka 83. Aliishi mpweke, kwa unyenyekevu, nguo zake zikiwa za kizamani, mezani makaratasi. Hakuacha mjane wala yatima.

Mwaka 1929 lugha mbili zile zilibadilishwa majina. Ya Aasen ikawa nynorsk, ny ni mpya na norsk ni Kinorwe. Nyingine ikawa bokmål, lugha ya vitabu. Katikati ya miaka ya 1940 karibu thuluthi ya wanafunzi wa shule za msingi walifundishwa kwa nynorsk. Baadaye idadi ilishuka, na leo wanaoiandika ni kati ya asilimia 10 na 15 ya Wanorwe. Ndoto ya lugha moja kwa nchi nzima haikutimia, na kila mtoto wa Norwe leo hujifunza kuandika namna zote mbili, wengine wakinung'unika. Lakini ni lugha hai. Mwandishi Jon Fosse, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2023, huandika kwa nynorsk. Na pale penye shamba la Åsen kulifunguliwa mwaka 2000 jumba la makumbusho la lugha na fasihi yake.

Tunajifunza nini basi? Wapo wenzetu wanaodhani kwamba lugha ya nyumbani hufaa soko na jikoni, na kwamba neno la maana lazima litoke ng'ambo. Aasen hakubishana nao kwa maneno matupu. Alitembea, akasikiliza, akahesabu, kisha akaonyesha kwamba lugha yoyote ina mbao zake, gundi yake na mafundi wake, mradi mtu ajue mishono ilipo. Kwa hiyo mwanachama mwenzangu, ukikutana na neno ambatani katika Kiswahili chako, usilipite mbio. Lipasue, tazama limeungwa wapi, tazama neno gani linatawala ngeli, kisha jaribu kuunda lako. Mwacha mila ni mtumwa, na chanda chema huvikwa pete.